Kidonda cha Mama na Duka la Mjomba

Shume, 11 Aprili 1993

Mpwa wangu Rehema,

Marahaba. Naitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana nakujua, barua yako itaanza na shikamoo mbili na itaisha na lawama moja. Sisi huku juu tu wazima, isipokuwa baridi imeanza kutung'ata mapema. Idi imepita bila wewe. Mama yako alikuwekea paja la kuku mpaka siku ya pili, na siku ya tatu nikalila mimi. Usininunie, lingeoza. Viazi vimekubali, kabichi zimeliwa na wadudu, na ng'ombe wa Mzee Rubeni amezaa ndama pacha, watu wanapanga foleni kuwaangalia.

Sasa kaa chini nikwambie. Nimefungua duka la dawa baridi. Ndiyo, mimi Twaha, mjomba wako. Kibali kimetoka wilayani mwezi wa pili. Fremu ni ileile ya duka la ushirika, unalolikumbuka kwa chumvi ya mawe na viberiti vilivyolowa. Siku hizi ni ruksa, mtu halali tena na homa akisubiri gari la serikali lilete boksi la dawa. Kwangu utakuta Panado, dawa ya minyoo, na vidonge vya rangi mbili vya kila namna: vyekundu na vyeusi, vya njano na vyekundu, hata vile vyeupe vikubwa. Vingine kibali hakivisemi, lakini mkaguzi hajapanda huku, na homa haisomi kibali. Mtu anachukua viwili, anachukua vinne, kadiri ya haja yake.

Na ujue desturi imebadilika. Mgonjwa wa Shume siku hizi haendewi na mayai. Mama yako alijikata na jembe wiki iliyopita akipalilia viazi, juu kidogo ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Si jeraha la kutisha. Basi majirani walipokwenda kumwona walipitia kwangu kwanza. Jenoveva alichukua zile za rangi mbili, nne, mke wa Rubeni akachukua za njano nne, Mariamu sita. Nawafungia kwenye karatasi ya kaki, nakunja pembe vizuri. Nenda kwa mgonjwa mikono mitupu uone watakavyokusema kisimani. Mama yako sasa ana bakuli zima, anachagua kwa rangi. Maumivu yakitulia anaacha, zinazobaki anaweka akiba, na jirani akiugua anampelekea. Nimefurahi sana, mpwa wangu. Watu wetu wamejifunza kupeana dawa.

Mama yako anasema uvae soksi. Nimemwambia Tanga kuna joto, anasema uvae tu.

Wewe uko hospitali, tena maabara. Niulizie dawa gani mpya kali imeingia.

Mjomba wako,
Twaha


Tanga, 2 Mei 1993

Mjomba,

Shikamoo. Na ya pili nampa mama, umfikishie. Nimeipata barua yako kwa mkono wa Heri, yule kondakta wa basi la Lushoto, na nimecheka peke yangu kwa habari ya paja la kuku. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine karibu na kazini, mwenye nyumba ni mama wa Kidigo, mkali lakini ana roho nzuri. Soksi navaa.

Hongera kwa duka. Nasema hivyo kwa moyo, maana najua ulivyohangaika. Lakini mjomba, nikinyamaza nitakuwa nimekosa adabu zaidi kuliko nikisema.

Nikueleze kazi yangu, hujawahi kuniuliza. Daktari akiwa na mgonjwa mwenye kidonda kisichopona, anapangusa usaha kwa pamba ananiletea. Mimi naupaka kwenye kisahani chenye uji ulioganda, chakula cha vijidudu. Juu yake napanga vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Kesho yake vijidudu vimeota kama ukungu kwenye mkate. Dawa inayoviweza, pembeni ya karatasi yake panabaki duara safi, hakuna kilichoota. Dawa isiyoviweza, vinaota mpaka kwenye karatasi yenyewe, vinaigusa.

Nilipoanza kazi hii mwaka themanini na saba, kila kisahani kilikuwa na maduara manne, matano. Siku hizi napata mawili. Wiki jana nimepata kisahani chenye moja. Na mgonjwa akiulizwa alikula nini, jibu ni lilelile: viwili vya rangi hii, vitatu vya rangi ile, nilipopata nafuu niliacha. Kijidudu kilichoonjeshwa dawa bila kuuawa kinaizoea, mjomba, na kinawazalia wengine wa namna yake. Halafu hakikai kwa mtu mmoja. Kinahama kwa mikono, kwa beseni, kwa shuka.

Nakuomba mawili. Usiuze rangi mbili kwa kuhesabu vinne vinne. Na mama aache lile bakuli, umpeleke hospitali aoshwe kidonda na apewe dozi moja kamili. Fanya hivyo wiki hii.

Niambie mguu unaendeleaje. Niandikie na neno lake.

Mpwa wako,
Rehema


Shume, 27 Juni 1993

Rehema,

Marahaba. Barua yako niliipata zamani. Nilikawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asiandike kwa mtoto wa dada yake.

Habari za huku ni njema. Mvua zimekwisha. Tumemzika Mzee Tobia, fundi wa mbao, uzee tu. Barabara ya kushuka Lushoto iliporomoka pale kwenye kona, wakaichonga wiki nzima.

Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati miaka kumi na minane. Niliwachoma sindano watu wa milima hii wewe ukiwa bado unakojoa kwenye mgongo wa dada yangu. Sasa unaniandikia habari za kijidudu kama mwalimu anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Haya, nimesoma.

Lakini na wewe ngoja nikukumbushe. Mwaka themanini na tatu, mdogo wako Idrisa alipopata kichomi, alikuwa na miaka saba. Uliletewa habari shuleni, hukuona. Mimi niliona. Mama yako alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na mhudumu aliyempokea ni mimi, mjomba wake. Nilifungua kabati mbele yake. Ndani yake mlikuwa na chupa moja ya spiriti na mizani. Penisilini ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa tatu. Nilimpima uzito, Rehema. Ndicho nilichoweza kumfanyia, nikaandika uzito wake kwenye kadi. Alikufa siku ya nne.

Siku ile niliapa kwamba kabati nikililinda mimi halitakuwa tupu. Leo mwanamke akija na mtoto anayehema mbio, ana uwezo wa vidonge vinne tu, nimwambie arudi nyumbani kwa sababu mpwa wangu wa Tanga ana visahani? Wewe uliyeko mjini una daktari ukigeuka kushoto, una daktari ukigeuka kulia. Sisi tunaye mmoja, Lushoto, na barabara ikiporomoka hatunaye.

Mama yako hajambo. Anatembea. Kidonda kimekauka juu.

Twaha


Tanga, 10 Julai 1993

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma habari ya Idrisa mara nyingi. Hukuwahi kuniambia kwamba ni wewe uliyemfungulia mama kabati. Miaka kumi yote hiyo. Ungekuwa na penisilini siku ile, dozi kamili, mdogo wangu angepona, na hakuna kisahani kinachoweza kubisha.

Nami sikatai watu wapate dawa, naomba tu wasilishwe robo yake.

Ila kuna kitu kimenikosesha amani. Barua yako haina neno la mama. Tangu nisome Lushoto sekondari, hujawahi kuniandikia bila neno lake. Kama si soksi ni mwavuli, kama si mwavuli ni mchumba. Safari hii hakuna hata salamu. Na umeandika kidonda kimekauka juu. Chini je?

Niambie ukweli.

Rehema


Shume, 19 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima kiasi cha binadamu. Baridi ya mwaka huu imeunguza viazi vya bondeni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimekuwa nikificha. Mama yako alinikataza nisikuandikie. Alisema usije ukaacha kazi. Mimi nikalishika katazo lake kwa mikono miwili kwa sababu lilinifaa, nilikuwa naona haya.

Kidonda kilikauka juu kwa muda wa kama wiki tatu, halafu kikafumka. Nikampa rangi mbili siku nne. Kikatulia. Kikafumka tena. Nikampa za njano siku tano. Nikampa nyeupe kubwa. Nilifungua vidonge nikamwagia unga wake kidondani, kama watu wote wanavyofanya, kikafunga ganda, na chini ya ganda kikaendelea kuchimba. Kila mara kinatulia, nami namwambia, dada, umeona, na yeye anacheka kunifurahisha. Gangaganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini, ila safari hii hata mganga alibaki nayo.

Sasa kidole gumba na cha pili vimekuwa vyeusi. Wekundu umepanda mpaka juu ya kifundo. Kina harufu. Majirani bado wanakuja, kila mmoja na kifurushi chake, nami ndiye niliyewafungia. Jana nilimwona Jenoveva mlangoni akimpa vitatu, akamwambia hivi ndivyo vilivyomponya mtoto wake sikio. Akabakiza vingapi huyo mtoto, sijui.

Niambie ipi ni kali kuliko hizi. Nitapanda basi niifuate popote.

Mama yako usiku anaita jina lako. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Twaha


Tanga, 21 Agosti 1993

Mjomba, shikamoo.

Heri anasubiri kituoni, naandika nimesimama.

Usimpe kitu. Hata kimoja, cha rangi yoyote. Usimwagie unga. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi, funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Basi la kwanza likishuka Lushoto awe ndani yake. Msibishane naye. Mbebe.

Daktari akimpokea mpe barua ninayoiambatanisha. Nimemwomba apanguse usaha wa chini kabisa, si wa juu, aniletee kwa mkono wa Heri ndani ya chupa nimpayo, kwenye termosi yenye barafu. Na daktari akikuuliza alikula nini, sema vyote, mjomba. Usipunguze kwa kuona haya. Asipojua atampa tena kilekile.

Kuna jambo lingine na nikiliacha leo sitaliandika tena. Ile desturi unayoisifu, hukuianzisha wewe. Mwaka themanini na nane nilikuja likizo na mkebe wa vidonge. Vilikuwa mabaki, wagonjwa wodini walivyoacha, wauguzi wakagawana nami nikapata fungu. Nikampa mama, nikamwambia weka akiba. Wiki ileile Mariamu alijifungua, na badala ya ndizi mama alimpelekea vidonge sita vya rangi mbili, kila mtu akashangaa jinsi mimi, binti wa Sharifa, nilivyomletea mama yangu vitu vya maana. Nilisimama pale nikijisikia mtu. Nilikuwa tayari nafanya kazi maabara, nilijua. Sikusema neno.

Kwa hiyo lawama zangu zigawanye nusu.

Nenda sasa.

Rehema


Lushoto, 30 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Ninaandika nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Nilikaa siku mbili Shume nikimbembeleza, siku ya tatu nikambeba kama ulivyosema. Alinitukana kwa Kishambaa kutoka mlangoni hadi kituoni, matusi ambayo sijayasikia tangu enzi za marehemu bibi. Nilifurahi kwamba ana nguvu za kutukana.

Daktari ni kijana, mpole. Aliuliza kama ulivyosema angeuliza. Alishika kalamu, nami nikaanza kutaja. Hii siku nne, hii siku tano, hii siku tatu, hii unga. Akawa anaandika, anaandika. Nilipofika ya sita aliweka kalamu chini akanitazama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, mzee, nani alimpa? Nikasema mimi. Nimekuwa mtu wa dawa maisha yangu yote, Rehema, na sijawahi kujiona mdogo kama kwenye kiti kile.

Wamekata vidole viwili. Anasema kama wekundu hautarudi nyuma, watakata chini ya goti, na kama umeshaingia kwenye damu hata goti halitasaidia. Amekataa kuanza dawa nyingine ya kubahatisha. Anangoja kisahani chako. Chupa amempa Heri leo asubuhi, utakuwa umeipata kabla ya karatasi hii.

Jana majirani walipanda lori la kabichi wakaja kumwona, watu sita. Waliniona pale nikawakatalia wasitoe kitu. Mariamu alilia, akadhani namfukuza. Baadaye sista alipotandika kitanda akakuta vifurushi vitatu chini ya mto. Karatasi yangu, mikunjo yangu. Nilivichukua nikavitupa chooni, na niliporudi dada yangu akaniambia, Twaha, umewadhalilisha watu waliotoka mbali. Ni kweli nimewadhalilisha.

Ameniambia nikuandikie neno lake. Anasema hakuachi kwa ajili ya kidole cha mguu, usije na machozi, na mchumba umepata?

Duka nimelifunga. Lakini nimekaa hapa nikifikiri, na nitakueleza wazo langu lilivyo. Kisahani kikikuonyesha dawa inayoweza, niandikie jina lake upesi. Nitaifuata Tanga, nitaifuata Mombasa, nitaiweka dukani mkebe mzima na nitaiuza kwa dozi kamili, naapa mbele ya Mungu. Asije akakosa mtu mwingine huku milimani kama tulivyokosa kwa Idrisa. Jina moja tu, mpwa wangu.

Twaha


Tanga, 3 Septemba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama shikamoo, na mwambie mchumba bado.

Chupa ilifika salama, barafu ilikuwa haijayeyuka yote. Nilipaka mwenyewe. Mkuu wangu alisema nimwachie mwenzangu kwa kuwa ni damu yangu, nikakataa. Nilipanga vikaratasi tisa, tisa ndivyo tulivyonavyo. Asubuhi iliyofuata nilikaa na kisahani mapajani muda mrefu kabla sijafunua. Rangi mbili, vimeota mpaka kwenye karatasi. Za njano, vimeota. Nyeupe kubwa, vimeota. Penisilini ambayo ulikosa kumpa Idrisa, vimeota juu yake kana kwamba haipo. Cha tano, cha sita, cha saba na cha nane, hivyohivyo.

Cha tisa kina duara. Dogo, upana wa ukucha wangu, lakini ni safi.

Imebaki moja. Ni ya sindano, nimepata dozi nzima ya siku kumi kutoka stoo ya hapa, na Heri anaileta pamoja na barua hii. Mzigo ni wa daktari. Jina lake nimemwandikia yeye peke yake kwenye bahasha ya pili, nikaigundisha. Nimemwomba chupa zikae kabatini kwa sista na wewe usizione. Daktari asiponikubalia basi, lakini mimi kwa mkono wangu sikuandikii.

Najua unachokiapa, na najua utakiapa kwa moyo. Ulimwapia Idrisa vilevile, na kiapo kile ndicho kilichotufikisha hapa. Ukiwa nayo dukani, atakuja mwanamke mwenye mtoto anayehema, ana uwezo wa sindano mbili, na wewe hutaweza kumrudisha. Mimi pia nisingeweza. Ndiyo sababu siwezi kukupa. Mwakani litakuwa jina la kawaida tu, mtu mwenye mafua atalitaja, na akija mwingine aliyejikata na jembe nitafunua kisahani nisione duara hata moja.

Kama mguu utapona, sijui. Kama ataamka kesho, sijui pia, nilichokiona ni duara tu.

Ulininunulia sare ya kwanza, ulinipeleka sekondari ukiwa na shati moja la maana. Hukuwahi kuninyima kitu nilichokuomba. Leo umeniomba neno moja na mimi nakunyima, mjomba, na nikitoka hapa nitakwenda kulia chooni kama mtoto.

Mshike mkono wakati wanamchoma sindano. Angalia upande mwingine.

Mpwa wako,
Rehema